Nyuzi Sabini

4 Juni 2006

Mjomba,

Shikamoo. Goti la mkaza mjomba limetulia? Mwambie nimempata yule mtu wa bandeji za kubana, nitamletea nikija. Mdogo wangu amejifungua salama, msichana, na anapiga kelele kama wewe unavyoongea, utadhani sisi wote tuna masikio ya fundi wa jenereta. Na Msumari je, mzima? Nilimkumbuka juzi nilipoona mtu mrefu anainama kupita mlangoni. Nilipokuwa mtoto alikuwa ananibeba mabegani kiwandani ili nione ndani ya mashine yenu. Nisalimie.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Mji wetu unataka kujenga soko jipya lenye paa, na wametangaza shindano la michoro. Mtu yeyote anaweza kuingia. Ofisini bosi ameingia, na paa aliloliingiza nililichora mimi, kuanzia nguzo hadi mfereji wa maji. Nikamwambia jina langu liwekwe pembeni ya lake. Mjomba, alicheka. Akaniambia mbele ya wenzangu: "Wewe ni mkono. Kichwa ni mimi."

Kwa hiyo nimechora soko jingine, bora kuliko lile, na nitaliingiza kwa jina langu. Tarehe ya mwisho ni 29 Septemba, saa sita mchana. Michoro ya karatasi hainisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba wanataka pia picha ya kutembea, ya dakika moja, inayoonyesha mtu akipita ndani ya soko. Dakika moja ni picha elfu moja mia nne na arobaini, na kompyuta inazitengeneza moja moja. Mashine za ofisini siruhusiwi kuzigusa. Ninayo ile ya marehemu mama tu, ile ya mezani aliyochapia barua za watu, na yenyewe inachukua dakika kumi na mbili kwa kila picha. Piga hesabu: siku kumi na mbili usiku na mchana. Nikimaliza kuchora, siku hizo sitakuwa nazo.

Kuna njia. Prosesa, ile sehemu ndogo inayofikiri, imepangiwa kasi na kiwanda, lakini inaweza kuongezwa ikaenda zaidi ya hapo. Ikienda zaidi inapata joto zaidi, na joto ndilo jambo lako. Ulilala na kuamka na mashine za moto miaka ishirini. Niambie nifanyeje nisiiunguze.

Ningekupigia simu lakini husikii, na ile ya mkononi umeshasema ni ya watu wenye haraka ya kusema upuuzi. Nasubiri.

Mpwa wako,
Mbishi


21 Juni 2006

Mpwa wangu Mbishi,

Marahaba. Nimepokea barua yako Jumatatu, imepigwa mihuri mpaka jina langu halionekani. Mkaza mjomba wako anakusalimu, goti linamuuma asubuhi, mchana linasahau. Paka ameharibu viti viwili. Hongera kwa mtoto wa mdogo wako, mwambie mtoto anayelia kwa nguvu ana mapafu mazima.

Jibu langu ni hapana. Aliyeitengeneza mashine hiyo aliipa kasi yake akiwa na akili zake timamu. Wewe ni mchora majengo, usijitie kujua kuliko yeye. Tena hiyo ni mashine ya dada yangu. Alipoinunua alinifikisha chumbani kwake akanionyesha kama anayenionyesha mchumba. Sitaki kusikia imekuwa mkaa kwa sababu mwanawe alitaka kumkomesha bosi.

Huyo bosi ni mpumbavu, hilo tumekubaliana. Mwache.

Najua hutamwacha, nilikuwepo ulipozaliwa. Basi angalau usiwe mjinga. Toa vumbi lote kwanza, kila pembe, mashine chafu haipumui. Tafuta daftari, kila nusu saa andika joto, hata kama halijabadilika. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ukibadilisha viwili hutajua kipi kimekuponza. Na mahali popote chuma kinapokutana na chuma paka grisi, na usiibanie, paka kwa wingi.

Haya si ruhusa.

Mjomba wako


8 Julai 2006

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa viti. Huku wote wazima. Mtoto kapewa jina la mama, bibi yake, kwa hiyo sasa tunamwita mama na anatukojolea.

Nimesoma "haya si ruhusa" nikacheka peke yangu kwenye ngazi. Ukurasa mzima wa maagizo, halafu si ruhusa!

Nilianza Jumamosi asubuhi. Nikafungua boksi la kompyuta. Mjomba, vumbi lililokuwemo lingejaza mto wa kulalia. Nikalitoa kwa brashi ya rangi. Halafu nikang'oa kile chuma chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa kuipoza, na katikati yake kuna grisi nyeupe ya kupitisha joto, ilikuwa imekauka kama chokaa. Nikanunua mpya. Nikakumbuka fundi wangu mkuu, yaani wewe, alivyoniagiza. Sikubania. Nilipaka tyubu nzima, nikabandika chuma, ikatoka pembeni pande zote nne, nikaridhika kabisa.

Nikaiwasha bila kuongeza kasi hata kidogo. Kabla ya nusu saa joto limefika nyuzi sitini na tisa, na ilipogonga sabini mashine ikajizima yenyewe. Ina kinga, ikifika nyuzi sabini inakata umeme. Nikawasha tena, ikakata tena. Mara tatu! Nikaibeba kifuani kama mgonjwa mpaka kwa fundi wa duka la kompyuta. Mama mmoja mnene mwenye miwani miwili, mmoja machoni, mmoja kichwani. Alipofungua akaita wenzake waje kuona.

"Nani kakufundisha kupaka siagi huku?"

Nikamwambia mjomba wangu, fundi wa jenereta.

"Mwambie mjomba wako hiki si kitu cha kuzunguka. Hakuna kinachosuguana hapa. Grisi hii ni ya kujaza vitundu visivyoonekana tu, ikizidi inageuka blanketi."

Akaifuta yote kwa spiriti, akaweka tone moja dogo, punje ya mchele tu, akakandamiza. Nyuzi hamsini na nane! Fundi mkuu, umeumbuka.

Sasa naongeza kasi hatua ndogo ndogo. Kompyuta ikiwaka, kabla haijaamka vizuri, kuna ukurasa wa bluu wa mipangilio, huko ndiko unakobadilisha namba ya kasi. Ilikuwa gigahezi mbili nukta nne. Leo niko mbili nukta tano. Daftari nimeanza. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, kama ulivyosema, maana si kila ulichosema ni siagi.

Hukunijibu kuhusu Msumari. Mzima?

Mbishi


25 Julai 2006

Mpwa wangu,

Marahaba. Tuko salama. Mkaza mjomba wako alisoma habari ya siagi akaenda kumsomea jirani, na jirani akamwambia mumewe, na jana mwanamume huyo kanipungia kisu cha mkate akiwa ng'ambo ya barabara. Nakushukuru sana.

Ni kweli, nilikosea. Nilifikiria beringi. Sikufikiria kwamba kuna mashine ya moto isiyozunguka. Mwambie huyo mama wa miwani miwili kwamba nimekubali, na kwamba feni inazunguka, hiyo asiipake tone moja la mchele.

Kuhusu kasi, bado sijakubali, lakini kama umeshaanza, nipe namba. Sikuridhika na "hamsini na nane". Hamsini na nane baada ya muda gani? Dirisha wazi au limefungwa? Mashine inakudanganya saa ya kwanza, inaanza kusema ukweli saa ya sita. Kila ukipanda hatua moja, ipe kazi nzito siku nzima kabla hujaiamini. Ikiyumba, ikiganda, au ikikosea hesabu hata moja, shuka hatua moja na ukae hapo. Usitake ile kasi ya juu kabisa unayoweza kuifikia. Taka ile ya chini yake. Na umeme inaokula usiuongeze. Chuma kinavumilia kasi kuliko kinavyovumilia volti.

Niandikie jedwali zima, saa, kasi, joto.

Kuhusu yule uliyemuulizia, karatasi imeniishia.

Mjomba wako


27 Agosti 2006

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, nimekuwa nachora mpaka vidole vimekakamaa. Mdogo wangu kaanza tena kazi. Mkaza mjomba mpe pole zangu, na bandeji inakuja.

Jedwali nimeliambatanisha, kurasa tatu. Utaona kwamba gigahezi mbili nukta nane ni imara. Siku nzima, dirisha wazi, nyuzi sitini na nne, haikukosea hata hesabu moja. Lakini nataka karibu mbili nukta tisa. Hapo kila picha inachukua dakika kumi kamili, na kazi nzima siku kumi kamili. Michoro itaisha tarehe 17. Nikiwasha Jumatatu tarehe 18 asubuhi, namaliza tarehe 28 asubuhi, nabaki na siku nzima ya kurekebisha nitakachokosea. Nimebana kila mahali, hii ndiyo hesabu pekee inayonipa nafasi ya kupumua.

Tatizo ni kwamba kwenye kasi hiyo haisimami bila kuongezwa volti kidogo. Niliongeza, usinigombeze. Ikasimama vizuri, ila joto la msimu limeanza na mchana inagonga sabini, kinga inakata, napoteza kazi ya saa nzima. Imenikata mara nne wiki hii.

Kijana mmoja pale dukani, si yule mama, kanionyesha kwamba kwenye ule ukurasa wa bluu kuna mahali pa kuizima kinga yenyewe. Unazima tu, mashine inaendelea hata ikifika sabini na tano. Anasema wengi wanafanya hivyo na hawajafa. Nimefikiria sana. Ni siku kumi tu, Mjomba. Jumamosi tarehe 16 nitaizima, nijaribu Jumapili, Jumatatu nianze. Bosi alipita mezani kwangu jana akauliza kama "mkono" una kazi. Nitaizima hata kwa nyundo.

Halafu, karatasi haikukuishia. Nusu ya ukurasa ilikuwa nyeupe. Msumari amekufa na unanificha?

Mbishi


5 Septemba 2006

Mpwa wangu,

Nimepata barua yako leo saa nne, na saa hii niko kaunta ya posta, naandika nimesimama ili iondoke na gari la leo. Salamu zote baadaye.

Usiizime kinga. Fanya utakalo, ongeza kasi, ongeza volti, pigana na bosi wako, lakini hiyo usiiguse.

Msumari hajafa. Anakaa mitaa miwili kutoka kwangu na mimi huzunguka kwa nyuma ya shule ili nisipite mlangoni kwake. Nimezunguka hivyo miaka kumi na tisa.

Wewe unajua moto wa kiwanda cha barafu jinsi ukoo mzima unavyoujua, kwamba jenereta ilikuwa mbovu, ikazidiwa, ikawaka. Haikuwa mbovu. Nilikuwa nimeibebesha mzigo mkubwa, ni kweli, kulikuwa na oda kubwa na meneja alikuwa ananifokea. Lakini mzigo ule ingeuhimili, maana ilikuwa na kinga kama hiyo yako. Ikipata moto, ilikata. Asubuhi ile ilikata mara tatu. Mara ya nne nikachukua kipande cha waya, urefu wa kidole, nikaunganisha pande zote mbili za kinga ili umeme upite pembeni yake. Nilisema ni kwa saa moja tu. Nikaenda kunywa chai.

Msumari ndiye aliyekuwa zamu. Ilipowaka alijaribu kuzima kwa mkono. Mikono yote miwili iliungua mpaka viwikoni. Akiwa hospitalini meneja akauliza nani alifunga waya. Mimi nilinyamaza. Wakasema basi ni yeye, kwa kuwa alikuwa zamu, wakamfukuza kazi akiwa amelala kitandani.

Mama yako alinitetea kwa kila mtu aliyenong'ona juu yangu. Aligombana na shangazi zake, aligombana na majirani. Sikuwahi kumwambia. Alikufa akinitetea.

Nimeona haya kukuandikia. Lakini nikinyamaza mara ya pili, na wewe ukawa kazini, na kitu hicho kikawaka chumbani juu ya duka la watu, nitakuwa nimefunga waya ule tena.

Mjomba wako


24 Septemba 2006

Mpwa wangu,

Sijapata neno. Natumaini barua yangu ya posta ilifika kabla ya tarehe 16. Karani aliniapia kwamba ingefika. Nimekwenda kumuuliza mara tatu, sasa akiniona anajifanya ana kazi chini ya kaunta.

Nimelisoma jedwali lako lote. Umeandika vizuri kuliko nilivyowahi kuandika mimi.

Kama umekasirika, kasirika. Ila niandikie kwamba nyumba ipo.

Mjomba wako


3 Oktoba 2006

Mjomba,

Shikamoo. Nyumba ipo.

Barua yako ilifika Ijumaa tarehe 15. Niliisoma mara tatu. Halafu nilikaa chini nikalia kwa hasira, si kwa huruma, ujue hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili mama alipomfukuza shangazi yake sebuleni kwa sababu alisema neno moja juu yako. Shangazi huyo hakukanyaga tena kwetu, hata kwenye mazishi. Na wewe ulikuwa umekaa pale pale kwenye kiti, na chai yako mkononi. Nakumbuka kikombe.

Sikuizima kinga. Usijipe sifa sana, nilikuwa nimeshaufungua ule ukurasa wa bluu na kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikaufunga. Nikarudisha volti kama zilivyokuwa, nikashuka mpaka mbili nukta nane, ile iliyokuwa imara. Dakika kumi na sekunde kumi na saba kwa kila picha. Nikaondoa ubavu mzima wa boksi, nikaweka feni ya mezani ipulize moja kwa moja ndani. Siku ya kurekebisha makosa nikaisamehe. Nikasema basi nisikosee.

Nikawasha Jumatatu tarehe 18, saa mbili asubuhi. Daftari niliandika kila nusu saa nikiwa nyumbani. Nikiwa kazini alikuwepo mke wa mwenye duka la vioo, lile lililo chini ya chumba changu, alikuwa anapanda ngazi na kuniandikia, na kila mara anaongeza maoni yake. "64. Inaunguruma lakini haina neno."

Siku ya sita, mchana, niko nyumbani kwa mdogo wangu namshika mtoto, mke wa mwenye duka naye yuko chini na mteja, waya wa feni ya mezani ukachomoka ukutani. Nadhani dirisha liliupiga. Niliporudi chumba kilikuwa kimya. Kinga ilikuwa imekata, saa tano nzima zimepotea. Nilishika kile chuma cha kupozea, kilikuwa kimeshapoa. Ingeendelea kwa saa tano hizo bila feni, bila kinga, jirani na mapazia ya mama, ungekuwa unasoma barua ya mwenye duka.

Nikachomeka feni, nikaufunga waya wake kwa kamba kwenye mguu wa meza, nikawasha, ikaendelea ilipoishia. Picha ya mwisho ilitoka tarehe 28, jioni. Tarehe 29 saa tano nilikuwa kaunta ya manispaa. Bosi alikuwa mbele yangu kwenye foleni na bahasha yake. Akageuka.

"Umetumwa na nani?"

"Sikutumwa. Nimeleta ya kwangu."

Akatazama bahasha, akaona jina. "Hii umeitengeneza kwenye mashine zangu?"

"Ya mama yangu," nikamwambia. "Kichwa ni mimi. Na mkono pia."

Jana aliniandikia barua ya kuniachisha kazi. Nimeibandika ukutani juu ya kompyuta. Majibu ya shindano yatatoka Desemba na nitashinda, na nisiposhinda nitaingia jingine.

Sasa wewe. Sijakusamehe, na si mimi wa kuombwa msamaha. Unanitaka nishukuru kwa kuniambia ukweli, nashukuru. Lakini umeniambia mimi niliye mbali, siku mbili kwa gari. Msumari yuko mitaa miwili. Acha kuzunguka nyuma ya shule.

Sitafungua barua yako yoyote isiyokuwa na mwandiko wake ndani. Kama vidole vyake haviwezi kalamu, aweke dole gumba. Mkaza mjomba nimemtumia bandeji yake kwa njia nyingine, yeye hana kosa.

Mbishi


29 Oktoba 2006

Mpwa wangu,

Marahaba. Bandeji imefika, mkaza mjomba wako anatembea nayo barabarani ili ionekane.

Nilikwenda jana, nikafika mlangoni nikarudi. Leo nimekwenda tena, kwa barabara ya mbele. Yeye mwenyewe ndiye aliyefungua. Amezeeka, lakini bado anainama kupita mlangoni kwake. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakanitoka. Nikasema, "Ule waya niliufunga mimi." Akasogea pembeni nikaingia.

Naandikia mezani kwake. Ameomba kuisoma barua hii kabla sijaifunga, nami nimemwambia achukue kalamu, maana una masharti.

Mjomba wako


Binti yangu,

Samahani kwa mwandiko, vidole viwili tu ndivyo vinavyokunja. Nakukumbuka, ulikuwa mzito mabegani na ulikuwa unauliza maswali bila kupumua.

Mjomba wako yuko hapa tangu asubuhi. Ametaka kuondoka, nimemkatalia. Wanangu wamekua wakiambiwa baba yao alichoma kiwanda, kwa hiyo nimewaita waje mmoja mmoja, na kila anayeingia mjomba wako anasimama na kusema upya, kwa sauti, kuanzia waya mpaka hospitali. Hasikii vizuri, kwa hiyo anapiga kelele, na majirani nao wanapata. Tumeshafika mara ya tatu. Amebaki wa mwisho, anatoka kazini saa kumi.

Chai nimempa.